Fagio la Manundu

Kila asubuhi, kabla ya kunywa hata funda moja la chai, Mwaija alifagia uwanja. Hiyo ilikuwa sheria ya Bibi, na sheria za Bibi hazikuwa na mjadala. Uwanja wao pale Manundu ulipakana na wa Mama Angel bila ua wala ukuta. Palikuwa na mstari wa mawe madogo tu, na kila mtu aliujua mpaka.

Jumatatu hiyo Mwaija alifagia huku akili yake iko mbali. Majivu, maganda ya ndizi na majani makavu aliyasukuma hadi kwenye mawe, na fagio likapitiliza.

"We Mwaija!" Bibi aliita kutoka barazani. "Unamfagilia Mama Angel taka zetu? Nani kakufunza ufedhuli huo?"

"Samahani, Bibi. Sikuona."

"Hukuona! Macho yako ni ya kazi gani, ya mapambo? Zirudishe upesi."

Mwaija akazirudisha. Ndani, mama yake alikuwa akipanga mikate kwenye kapu. Mama alikuwa mwokaji, na mikate yake ilijulikana Manundu nzima. Kila mmoja aliuvika mfuko mwepesi wa plastiki, ulioandikwa kwa wino mwekundu: Mkate Maryamu, Manundu, Korogwe.

Mwaija aliinua macho kuitazama milima, upande wa Lutindi. Palikuwa na wingu. Si kubwa, lakini lilikuwa jeusi. Tangu Jumamosi alikuwa akiomba anga la Lutindi libaki jeupe, na sababu aliijua yeye na wenzake wawili tu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwaija alikuwa darasa la sita na mwenyekiti wa klabu ya mazingira ya shule. Jumamosi, wanaklabu walishinda ukingoni mwa mto Pangani wakiokota chupa, vifuniko, ndala zilizokatika na mifuko ya kila aina. Wakajaza magunia ya katani mpaka mgongo ukawauma. Kabla kazi haijaisha, mlezi wao, Mwalimu Mwantumu, akaitwa msibani.

"Mwaija, sasa wewe ndiye mimi," alimwambia. "Hakikisha magunia haya yanafika kwenye kizimba cha taka cha sokoni. Gari la mji litayachukua."

"Sawa, Mwalimu. Usiwe na wasiwasi."

Wasiwasi ungefaa sana! Walipolifikia korongo la Manundu, tairi la mkokoteni lilipasuka. Jua lilikuwa kali. Wanaklabu wakaanza kuaga mmoja mmoja, huyu katumwa dukani, yule ana chuo cha Kurani. Wakabaki watatu: Mwaija, Sadala, mtani wa darasa zima, na Naisula, binti wa wafugaji wa Handeni aliyekuja kukaa kwa shangazi yake ili asome.

Hapo ndipo Mwaija alipolitazama korongo. Sehemu kubwa ya mwaka lilikuwa kavu. Lakini mvua ikinyesha kule milimani, hata kama mjini jua linawaka, maji hushuka kwa kishindo na kukumba kila kilichomo mpaka mtoni. Watu wa mtaa ule walikuwa na desturi yao. Mvua zilipokaribia, walitoa viroba vya taka, magodoro mabovu na ndoo zilizotoboka, wakavitupa korongoni, wakasubiri. Maji yakishapita, korongo linabaki safi kama sahani iliyooshwa. Maji hayo waliyapa hata jina, fagio la Manundu. Bibi mwenyewe alizoea kusema, "Mungu katupa fagio lisilochoka."

"Tuyashushe humu," Mwaija alisema. "Fagio litayachukua."

"Mwenyekiti katoa amri!" Sadala alicheka, akashika gunia la kwanza.

Naisula alikunja uso. "Lakini Mwaija, si ndiyo kwanza tumezitoa mtoni hizi?"

"Zitapita tu, Naisula. Zikishapita ndiyo zimekwisha."

Basi wakayabiringisha magunia chini, moja baada ya jingine, wakaenda zao. Lakini swali la Naisula lilimfuata Mwaija mpaka kitandani, na usiku huohuo akaanza kuomba mvua isinyeshe.

* * *

Darasani, kipindi cha kwanza, Mwalimu Mwantumu aliingia akitabasamu.

"Poleni kwa kazi ya Jumamosi. Mwaija, magunia yalifika kizimbani?"

Mwaija alisimama. Angeweza kusema palepale. Ulimi ulikuwa tayari kabisa kusema kweli, lakini macho ya darasa zima yalikuwa juu yake, na Mwalimu alikuwa anatabasamu.

"Yalifika, Mwalimu."

"Mpigieni mwenyekiti wetu makofi!"

Makofi yakalia. Naisula hakupiga. Sadala alipiga kidogo, kisha akaanza kuchunguza kucha zake kana kwamba hajawahi kuziona.

Mwalimu Mwantumu alikuwa mzaliwa wa Pangani, kule mto unakoingia baharini. Wanafunzi wengi wa darasa lile hawakuwahi kuiona bahari, na siku hiyo aliamua kuwasimulia.

"Kaka yangu Ukasha kazi yake ni kulinda viota vya kasa ufukweni. Mnamjua kasa? Ni kobe wa baharini, mkubwa kuliko meza hii. Mwezi uliopita alimkuta mmoja amekufa, tumbo limevimba. Wataalamu walipompasua, walikuta amejaa plastiki. Kasa hula yavuyavu, kiumbe laini anayeelea majini, mweupe, unaweza kuona ndani yake. Na mfuko wa plastiki ukielea baharini unafananaje?"

"Unafanana na yavuyavu!" darasa likajibu.

"Basi anaumeza. Haumeng'enywi wala hautoki. Anashiba plastiki huku anakufa njaa."

Sadala alinyoosha mkono. "Mwalimu, lakini taka za huku haziwezi kufika. Si kuna bwawa la umeme kule Hale? Litazizuia."

"Huzuia kiasi, Sadala. Lakini mto ukifurika, maji hupita juu na kila kitu chake." Mwalimu akafungua mkoba, akatoa kitu kilichokunjwa. "Kaka yangu aliuosha mmoja wa mifuko ile, akaniletea. Sijauleta ili kumwaibisha mtu. Mimi mwenyewe hununua mkate huu kila siku."

Akaukunjua. Maandishi yalikuwa yamefifia, lakini yalisomeka: Mkate Maryamu, Manundu, Korogwe.

Shingo zote zikageuka. Mwaija alihisi masikio yanawaka moto. Mfuko ule pengine aliufunga yeye mwenyewe, kwa mikono yake, asubuhi moja kabla ya kuja shule! Akakumbuka gunia lililofungwa kwa kitambaa chekundu, lile walilojaza mifuko mitupu. Karibu yote ilikuwa ya mkate wa mama yake. Na sasa ilikuwa chini korongoni, ikisubiri maji.

Mbali sana, upande wa Lutindi, radi ikanguruma.

* * *

Kengele ya kutoka ilipolia, Mwaija hakusubiri foleni. Alimshika Naisula mkono, wakakimbia hadi korongoni. Sadala walimtafuta wasimwone.

Jua lilikuwa linawaka pale Manundu. Watoto wadogo walicheza mpira barabarani, na nguo zilizoanikwa zilikuwa zimekauka. Lakini milimani palikuwa peusi tii, kama chungu kilichokaa motoni siku nyingi. Magunia yalikuwa palepale chini.

"Tutayatoa wenyewe, kisha tutayaburuta kizimbani," Mwaija alisema huku akiteremka. "Hakuna atakayejua."

Naisula alimfuata kwa shingo upande. Walilishika gunia la kwanza, wakalisukuma juu ya ukingo wa udongo. Lilipanda nusu, likateleza, likawarudia. Wakajaribu tena. Chupa zilizojaa tope na maji ya mtoni zilikuwa nzito, na ukingo ulimomonyoka kila walipokanyaga. Mara ya tatu Mwaija alianguka chali, gunia likamwangukia miguuni.

"Basi!" Naisula alisema. Alipanda juu, akamnyooshea mkono. "Toka humo."

"Naisula, tafadhali, moja tu..."

"Nimesema toka! Kwetu korongo lilimchukua ndama wa baba jua likiwaka hivihivi. Mimi nilikuwepo. Nilimwona akienda, na hakuna aliyeweza kufanya kitu." Alizidi kunyoosha mkono. "Kazi hii inataka watu wazima, Mwaija."

"Watu wazima watauliza magunia yamefikaje humu."

"Ndiyo. Watauliza."

Mwaija alipanda, akasimama ukingoni akihema. Akafikiria makofi ya asubuhi. Akafikiria Mwalimu akimwangalia kwa macho mengine, mama yake akisikia mtaani kwamba binti yake ni mwongo. Kisha radi ikapiga tena, karibu zaidi, na chini kwenye mchanga mkavu mchirizi mwembamba wa maji ya rangi ya chai ukapita katikati ya magunia, kimyakimya.

Mwaija alikimbia.

* * *

Aliingia nyumbani kama mwizi anayefukuzwa. Mama alikuwa anaongea na Mama Angel mlangoni, na Bibi anachambua mchele.

"Mama! Bibi! Nimesema uongo!" Maneno yalitoka yote kwa mpigo. "Magunia ya klabu hayakufika kizimbani. Niliyatupa korongoni, mimi ndiye niliyesema tuyatupe, na Mwalimu nimemwambia yamefika. Maji yanakuja. Na Mama, mfuko wetu wa mkate umekutwa tumboni mwa kasa, huko Pangani, kasa mwenyewe amekufa!"

Mama alishika kiuno. "Umefanya nini?"

Mwaija alianza kulia. Mama alifungua mdomo amgombeze, na angemgombeza kweli, lakini Bibi alikuwa ameshasimama, mchele umemwagika mkekani.

"Hayo tutayazungumza baadaye, Maryamu. Ile kamba ya katani ya kisimani iko wapi?"

"Bibi, si huwa unasema fagio litachukua..." Mama Angel alianza.

"Nilisema mimi, na sasa nasema lete kamba. Mwite na Mustafa."

Mustafa, fundi baiskeli, alikuja na vijana wawili, mikono yao bado ina grisi. Majirani walipoona watu wanakimbia, nao wakakimbia. Ndivyo watu wa Manundu walivyo, maswali huja nyuma. Wakati huo mchirizi ulikuwa umekuwa kijito kinachofika kwenye vifundo vya miguu.

"Mtoto hashuki!" Mustafa aliwaambia Mwaija na Naisula. Akashuka yeye na kijana mmoja, wakafunga gunia kwa kamba. Juu, kina mama wakavuta. "Haya, pamoja! Vuta!" Gunia likapanda. Wakaifungua kamba, wakairusha chini tena. La pili. La tatu. Bibi alisimama pembeni ameelekeza sikio milimani.

"Mustafa," aliita, "ukisikia mlio kama wa lori linalopanda mlima, acha kila kitu!"

"Bado, Bibi! Limebaki moja!"

Lilikuwa lile lenye kitambaa chekundu. Mustafa aliinama, akalifunga. Naisula, ambaye masikio yake hayakuwa na mzaha, alipiga kelele: "Linakuja! Tokeni! Linakuja!"

Mustafa na mwenzake walikamata mizizi ya ukingoni, wakavutwa juu kwa mashati. Kisha kila mtu akausikia mlio. Maji yalipinda kona yakiwa na rangi ya matofali, yamebeba magogo, ndoo na mlango mzima wa choo. Yakalipiga gunia la mwisho, na kamba ikakazika ghafla mikononi mwa waliokuwa wameishika.

"Achieni!" Mama alipiga kelele. Wote wakaachia.

Wote isipokuwa Mwaija. Aliishika kamba kwa mikono miwili, ikimchubua viganja, ikimburuta kuelekea ukingoni. Gunia lile lilikuwa lake. Uongo ulikuwa wake. Asingeliacha liende! Visigino vyake vilichimba udongo, na udongo ukaanza kumeguka.

"Mwaija! Achia!" Naisula alilia.

Bibi alimkamata gauni kwa nyuma kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua kwamba bado anazo. "Achia, mjukuu wangu. Hilo limekwenda. Wewe usiende nalo."

Mwaija akaachia. Kamba ikaruka majini kama nyoka. Gunia likajigonga kwenye jiwe, likapasuka, na mifuko ikatapakaa juu ya maji, myeupe, myepesi, mmoja baada ya mwingine, jina la mama yake likisomeka kwa wino mwekundu mpaka maji yalipopinda kwenda mtoni.

Mama aliitazama ikienda. Alikuwa akilia.

Hapo ndipo Mwalimu Mwantumu alipofika mbio, viatu mkononi, na nyuma yake Sadala, jasho likimtoka. Kumbe alikuwa amekwenda kumwita. Mwaija alimfuata Mwalimu, mbele ya mtaa mzima, viganja vinavuja damu.

"Shikamoo, Mwalimu. Nilikudanganya. Magunia hayakufika. Haya tumeyatoa sasa hivi, lakini moja limekwenda. Sistahili kuwa mwenyekiti."

Mwalimu aliviweka viatu chini. Hakutabasamu.

"Marahaba. Uenyekiti tutauzungumza mbele ya klabu, maana makofi ulipigiwa na klabu. Lipi limekwenda?"

"La mifuko ya mkate."

Mwalimu akatoa simu. "Kaka Ukasha? Ni mimi. Mto unashuka kwa nguvu huku kwetu, na umebeba mifuko yetu. Waambie wenzako wakae macho mdomoni mwa mto. Ndiyo, ileile. Tunaomba radhi."

* * *

Jioni ile ile magunia yaliyookolewa yalifika kizimbani, safari hii kwa mikokoteni ya majirani, na Mwaija alitembea nyuma yao mpaka la mwisho lilipotua. Klabu ilipokutana, alisimama akaeleza kila kitu. Wanachama walimvua uenyekiti, wakampa Naisula. Mwaija aliumia, hilo tusifiche. Lakini alikuwa wa kwanza kumpigia mwenzake makofi.

Masika yalipokolea, Ukasha alimtumia Mwalimu picha. Watoto wa shule moja ya Pangani walikuwa wamesimama ufukweni, wameshika mifuko michafu yenye maandishi mekundu. "Hii ndiyo tuliyoipata," aliandika. "Mingine hatukuiona."

Mama Mwaija aliitazama picha ile mpaka kioo cha simu ya Mwalimu kikazima. Kesho yake akatangazia wateja kwamba mkate wake sasa utafungwa kwa karatasi, na anayekuja na kitambaa au kikapu chake atahudumiwa kwanza. Wapo walionung'unika kwamba mkate unakauka. "Ule mapema!" aliwajibu. Wazee wa mtaa nao wakakubaliana kujenga kizimba kingine cha taka kando ya korongo, na zamu ya kukilinda ikapangwa.

Siku kizimba kilipofunguliwa, watu walimwomba Bibi aseme neno. Alisimama, akajifunga kanga vizuri.

"Mimi ndiye niliyewafundisha wengi wenu ule msemo wa fagio la Manundu. Nimefagia uwanja tangu nikiwa mtoto, na mtu akinisogezea taka mlangoni namwita fedhuli. Kumbe miaka yote hii nilikuwa nawafagilia watu wa Pangani, na samaki, na hao kasa. Sikuwahi kujiuliza fagio letu linafagilia wapi. Wanangu, ukitupa kitu, hakijapotea. Kimehamia kwa mwenzako. Na uongo ni hivyohivyo. Mjukuu wangu huyu alidhani akiutupa korongoni umekwisha, kumbe ulikuwa safarini. Heri yeye aliyeukimbiza kabla haujafika mbali."

Watu walicheka, wakapiga makofi, na Mwaija akainamisha kichwa kwa haya.

Asubuhi iliyofuata alifagia uwanja kama kawaida. Alipofika kwenye mawe madogo, aliona ganda moja la ndizi limevuka upande wa Mama Angel. Hakujua limevukaje, na hakuna aliyemwona. Akavuka mpaka, akaliokota, akarudi nalo kwao.